Siku tisa kabla ya hedhi: chakula na dawa za asili vinasaidia kwa kiasi gani?

Mwalimu wa Ilemela

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 31, na ninaishi Ilemela, Mwanza, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwa takriban miaka mitatu sasa, kila mwezi, siku nane au tisa kabla sijaingia hedhini, hubadilika kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sijitambui. Matiti hujaa na kuuma, tumbo huvimba hadi sketi ya kazini hukataa kufungwa, usingizi hukatika saa nane za usiku, na kubwa kuliko yote ni hasira ambayo haina sababu na machozi ambayo hayana msiba. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu alikosea kutoa kwa kukopa, jambo ambalo watoto hukosea kila siku, nikajikuta nimetoka nje ya darasa na kwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Damu ikishaanza kutoka, kesho yake mambo yote hutulia, nami hubaki na kazi ya kuwaomba watu radhi.

Nilikwenda katika zahanati moja nikaambiwa kwamba hayo ni ya wanawake wote na kwamba nitazoea. Baadaye dada mmoja alinishawishi kununua kopo la virutubisho kwa shilingi 120,000 akisema linapanga homoni. Nililitumia kwa miezi miwili, nikaambulia kuharisha. Mama mkwe wangu, anayeishi Magu, anasema hili ni chango, na kila anapokuja hunichemshia mizizi ambayo hanitajii jina lake. Nimekuwa nikiinywa kwa heshima yake, lakini moyoni nina wasiwasi, kwa sababu situmii njia yoyote ya uzazi wa mpango na naweza kushika mimba mwezi wowote.

Kwa sasa sitaki vidonge vya hospitali kama kuna namna nyingine. Naomba anayefahamu anieleze ni vyakula gani vinavyosaidia kweli, ni vipi nivipunguze, na dawa za asili zipi zina ushahidi. Ili msinishauri gizani, niseme wazi kwamba asubuhi hunywa chai ya rangi kwa maandazi mawili, mchana hula wali au ugali wa sembe kwa chochote kilichopo, na siku zile mbaya hunywa kahawa ya Bukoba vikombe vitatu au vinne ili niweze kusimama mbele ya watoto.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mwalimu, pokea salamu zangu. Nimefanya kazi ya ukunga katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka 30, na ninasikitika kwamba uliambiwa utazoea, kwa sababu maelezo yako yana mpangilio ulio wazi kabisa: dalili zinaanza baada ya yai kupevuka, zinapanda kadiri hedhi inavyokaribia, na zinaondoka damu inapotoka. Baada ya yai kutoka, mwili hutengeneza homoni ya projesteroni kwa wingi. Mimba isipotungwa, homoni hiyo na estrojeni hushuka kwa pamoja, na mteremko huo huyumbisha kemikali za ubongo zinazotuliza moyo, hasa ile iitwayo serotonini. Kila mwanamke mwenye mzunguko wa kawaida hupitia mteremko huo, lakini si kila mmoja anayumba nao. Ukimpima damu yule anayeteseka, mara nyingi utakuta homoni zake ziko sawa na za jirani yake asiyejisikia lolote. Tofauti ni kwamba ubongo wake ni mwepesi zaidi wa kuitikia mabadiliko. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba homoni zako zimevurugika na zinahitaji kupangwa, ambayo imeuza makopo mengi sana hapa mjini, haina msingi kwa mtu mwenye hali kama yako.

Kabla hujabadilisha chakula chochote, chukua daftari na uandike kila siku, kwa mizunguko miwili mfululizo, dalili ulizonazo na ukali wake. Usiandike kwa kukumbuka mwisho wa mwezi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyetoka kugombana na mumewe haiaminiki. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama wiki moja baada ya hedhi huwa mzima kabisa. Kama hata katika siku hizo uchovu na huzuni vinaendelea, basi tunatafuta jambo lingine, kwa mfano upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, au, kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, kichocho, ambacho humnyonya mtu damu taratibu bila yeye kujua.

Sasa nije kwenye chakula. Katika virutubisho vyote vilivyochunguzwa kwa tatizo hili, kalsiamu ni miongoni mwa vile vyenye ushahidi wa kuheshimika. Mwaka 1998, nchini Marekani, kulichapishwa utafiti uliowagawa wanawake 466 katika makundi mawili, ambapo kundi moja lilipewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku na jingine vidonge visivyo na dawa yoyote, bila wao kujua nani amepewa nini. Kufikia mzunguko wa tatu, dalili za waliopewa kalsiamu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 48, na za wale wa vidonge vitupu kwa asilimia 30. Naomba uitazame vizuri hiyo namba ya pili. Theluthi hivi ya mateso iliondoka kwa kidonge kisicho na kitu, na ndiyo maana kila muuza kopo na kila mchemsha mizizi ana mashahidi wa kweli wanaoapa kwamba walipona. Hawasemi uongo. Ila kupona kwao hakuthibitishi kilichomo ndani ya kopo.

Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mtindi haupishani nayo sana. Asiyeweza maziwa kila siku ana dagaa, anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kalsiamu imo katika mifupa hiyo. Sato na sangara ni chakula bora cha kujenga mwili, lakini kwa kuwa mifupa yao tunaitupa, tusiwahesabu hapa. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mchicha, pamoja na sifa zake, una asidi inayoifunga kalsiamu yake mwenyewe isifyonzwe vizuri, ilhali sukuma wiki haina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa. Usiache mchicha, usiutegemee peke yake tu.

Sembe ibadilishe kwa dona, au ule ugali wa mtama au uwele, kwa sababu mashine inayoondoa pumba na kiini huondoa pamoja navyo magnesiamu na vitamini za kundi B. Karanga, ufuta na mbegu za maboga zina magnesiamu nyingi, na zipo tafiti chache, ndogo, zinazoonyesha kwamba magnesiamu hupunguza kuvimba na maumivu ya matiti. Maandazi mawili kwa chai yenye sukari hupandisha sukari ya damu haraka na kuishusha haraka, na mtu aliye katika siku zile huenda akauhisi mshuko huo kuliko kawaida. Gawanya chakula chako kiwe kidogo kidogo kila baada ya saa tatu: kiazi kitamu cha kuchemsha, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) machache ndani ya mkoba, ndizi, kiganja cha karanga. Vyakula vya mikebe na soda viweke mbali wiki hiyo, na mkono uwe mwepesi kwenye chumvi, ingawa kwa chumvi ninasema zaidi kutokana na uzoefu kuliko kutokana na tafiti.

Kuhusu kahawa nitakuwa mkweli. Ushahidi kwamba kahawa yenyewe huleta dalili hizi ni dhaifu. Lakini kahawa ya Bukoba kwa sehemu kubwa ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na wewe unaamka saa nane za usiku baada ya kunywa vikombe vinne. Hapo hatuhitaji mtaalamu wa Marekani.

Ama dawa za asili, tangawizi imechunguzwa zaidi kwa maumivu ya tumbo ya siku za kwanza za hedhi, ambayo ni jambo tofauti na hili unaloeleza. Vipimo vilivyotumika ni kati ya miligramu 750 na 2,000 za unga kwa siku, yaani usizidi kijiko kimoja cha chai. Yupo mmea wa nchi za Mediterania uitwao Vitex agnus-castus, ambao tunda lake lilionyesha nafuu katika majaribio kadhaa ya Ulaya, lakini haufai kwa anayeweza kuwa mjamzito, na kopo la mtaani lenye jina hilo huwezi kujua limejazwa nini. Vitamini B6 huenda ikasaidia kidogo, ila anayeimeza kwa dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, akaanza kufa ganzi vidole. Wewe ipate katika ndizi, viazi, kuku na samaki. Na hiyo mizizi isiyo na jina, mwanangu, iache. Wapo wanaochanganya mizizi inayobana mji wa mimba, na wewe umesema unaweza kushika mimba mwezi wowote.

Mama Kulwa wa Mwaloni

Mwalimu, pole sana. Mimi ninauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nimefurahi kuona kumbe bidhaa yetu imetajwa kwa heshima badala ya kusemwa kwamba ni chakula cha mtu aliyeishiwa. Ninataka kuongeza mambo ambayo mkunga hawezi kuyajua kama hakai sokoni.

Usinunue dagaa waliokaushwa mchangani kama unaweza kupata wa kwenye vichanja. Wale wa mchangani hata ukiwaosha mara nne utasikia mchanga kwenye meno, na wengi wao hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, hajapinda sana, hanuki uvundo, na ukimvunja anakatika badala ya kujikunja. Wapo pia wanaowekewa chumvi ili wasiharibike wakati wa mvua. Hao waloweke kwenye maji ya moto, umwage, kisha uwaloweke tena, kwa sababu mkunga amekukataza chumvi. Mtu akisema hapendi uchungu, aondoe vichwa na matumbo, mwili na uti wa mgongo vinabaki. Halafu wapike kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizosagwa, au uwakaange wakauke uwatafune mchana shuleni kama wengine wanavyotafuna bisi. Nunua sado nzima wakati wa giza, kwa maana wavuvi huwavua kwa taa na mbalamwezi ikiwaka hawatoki, bei inapanda.

Kuhusu hilo daftari, ninakushuhudia. Mimi nina daftari la madeni la wateja, na miaka miwili iliyopita nilianza kutia nukta ya wino mwekundu kwenye siku ninazoingia hedhini, bila kumwambia mtu. Siku moja nikiwa napiga hesabu niligundua kwamba karibu wateja wote niliowafokea na kuwaambia wasikanyage tena kwenye meza yangu walikuwa wameandikwa katika siku tano kabla ya nukta. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo, katika siku hizo, anayedai kupunguziwa bei ninampeleka kwa mdogo wangu tunayekaa naye mezani, na mimi ninafungasha tu magunia.

Nina swali kwa mkunga, naomba asinicheke. Katika siku hizo ninakuwa na hamu kubwa sana ya kula pemba, ule udongo wa kuchomwa, na ninaweza kumaliza vipande vitano kwa siku. Wengine wanasema una madini na unaongeza damu. Je, ni kweli?

Mzee wa Mitishamba, Usagara

Nawasalimu nyote. Ninaomba nami nitoe neno, kwa kuwa ninaona tiba asili inahukumiwa bila kuitwa barazani. Kwanza, nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo si kila anayechemsha majani ni tapeli. Pili, mimi mwenyewe ninamuunga mkono mkunga kwamba dawa isiyo na jina isinywewe. Mganga anayemficha mgonjwa jina la mti anaficha ama ujinga wake ama bei yake.

Kwa mwanamke mwenye hali kama ya Mwalimu ninampa mchaichai usiku badala ya majani ya chai, tangawizi mbichi iliyopondwa, na unga wa mlonge kijiko kimoja kwenye uji, na ninamwambia akande tumbo kwa chupa ya maji ya moto. Mwarobaini ninaukataza kwa mwanamke yeyote ambaye anaweza kuwa na mimba, na mshubiri vilevile, kwa sababu maji yake ya manjano huendesha tumbo kwa nguvu. Huenda hata lile kopo la shilingi 120,000 lilikuwa na mshubiri, maana kuharisha huko ninakufahamu.

Jambo moja tu sikubaliani nalo. Bibi zetu wa Usukuma walilima pamba, walichunga ng'ombe, walitwanga na kuchota maji, na hatukuwahi kusikia wakilalamika kuhusu siku tisa kabla ya hedhi. Mimi ninaamini kwamba maradhi haya yameletwa na maisha ya mjini, na jina lake limeletwa na wazungu.

Mkunga Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo, na ninakushukuru kwa uungwana wako. Laiti wote wanaouza dawa pale stendi wangesema kama wewe kuhusu mwarobaini na mshubiri. Mchaichai hauna kafeini na ninaukubali kama kinywaji cha usiku, na mlonge ninaukubali kama mboga, maana majani yake yana kalsiamu nyingi. Tusiseme tu kwamba vinatibu.

Kuhusu jina una haki. Daktari mmoja wa Marekani, Robert Frank, aliliandika jambo hili mwaka 1931, na jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya Kiingereza, premenstrual syndrome, lilitolewa Uingereza mwaka 1953. Lakini hebu tumhesabie bibi hedhi zake. Mwanamke aliyeolewa mapema, akazaa watoto wanane na kumnyonyesha kila mmoja hadi miaka miwili, alikaa muda mrefu bila kuiona hedhi, kwa sababu mimba huizuia na kunyonyesha kila wakati huichelewesha. Mjukuu wake mwenye watoto wawili huipitia mizunguko mingi zaidi, labda mara kadhaa ya ile ya bibi. Na pale bibi alipoumia, alimwambia nani? Hakumwambia mwanawe wa kiume. Mimi niliyakuta hayo wodini, yakinong'onezwa.

Hata hivyo kuhusu kazi za mwili umegusa ukweli. Mazoezi yanayoupandisha moyo mapigo, hata kutembea haraka kwa nusu saa karibu kila siku, huwasaidia wengi, na Mwanza kwa milima yake ya mawe haihitaji mtu alipie ukumbi wa mazoezi. Mwalimu, shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani.

Mama Kulwa, sikucheki hata kidogo. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na ubaya ni kwamba udongo wenyewe hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, kwa hiyo unaoulilia ndio unaokumaliza. Zaidi ya hapo, mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wajawazito wanaokula pemba katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita, na ndani ya vipande hivyo vilipatikana vitu kama risasi na aseniki, ambavyo hakuna anayepaswa kuvila. Nenda ukapime wingi wa damu wiki hii. Na wote wawili, wewe na Mwalimu, chai ya rangi msiinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma cha mboga na maharage. Isubiri saa moja.

Mtulivu wa Nyegezi

Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu, na nimesita sana kabla ya kuandika. Ninaandika kwa ajili ya msomaji ambaye atajaribu dagaa, dona, mchaichai na kutembea kwa miezi sita na bado hataona tofauti, akadhani kwamba amekosea mahali.

Mimi niliyafanya hayo yote kwa uaminifu. Tumbo lilipungua kujaa na usingizi ukarudi kidogo, lakini lile giza la moyoni halikutikisika. Siku saba kila mwezi nilikuwa na hakika kwamba watoto wangu wangekuwa na maisha mazuri zaidi bila mimi, na siku ya pili ya hedhi nilishangaa ni nani aliyekuwa akiwaza hivyo. Nilipopeleka daftari langu la miezi miwili kwa daktari wa afya ya akili, alilisoma kwa dakika chache na kuniambia kwamba ninayo aina kali ya tatizo hili, ambayo huwapata wanawake wapatao watatu hadi wanane katika kila mia, na ambayo tangu mwaka 2013 imeorodheshwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Alinipa dawa za kundi linaloongeza serotonini, na akanieleza kwamba wengine huzimeza katika zile wiki mbili za mwisho wa mzunguko tu, si mwezi mzima. Kwangu mimi zilifanya kazi ndani ya mzunguko wa kwanza.

Ndugu zangu kanisani waliniambia nimeshindwa kuomba. Rafiki yangu mmoja aliniambia nimetiwa sumu na kemikali za wazungu. Mimi bado ninakula dagaa. Ila yeyote ambaye katika siku hizo anawaza kujidhuru asisubiri mzunguko wa tatu wa kalsiamu. Aende hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na mtu anayemwamini.

Baba Doto

Mimi ni mume, na nimeingia hapa kwa kuwa mke wangu alinitumia mazungumzo haya. Nilikuwa nikijibu kila neno. Sasa tunayo kalenda ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, na siku zikikaribia ninapika mimi chakula cha jioni na mazungumzo ya ada na kodi tunayaahirisha. Sioni kama ni jambo kubwa, lakini yeye anasema limemsaidia kuliko maziwa.

Mwalimu wa Ilemela

Wapendwa, imepita miezi minne na niliahidi moyoni kwamba nitarudi. Daftari la mizunguko miwili lilionyesha kama mkunga alivyotabiri: siku ya tano hadi ya kumi na sita nilikuwa mzima kabisa. Nilianza mabadiliko ya chakula baada ya hapo. Mzunguko wa kwanza sikuona lolote isipokuwa maumivu makali ya kichwa kwa siku tatu, ambayo nadhani yalikuwa ya kuacha kahawa ghafla, kwa hiyo nawashauri wengine wapunguze kikombe kimoja kimoja. Mzunguko wa pili, ambao umeisha wiki iliyopita, matiti hayakuuma kwa kiasi cha kunizuia kulala kifudifudi, na sketi ilifungwa hadi siku mbili za mwisho. Hasira ipo. Imepungua, labda kwa theluthi, na sitaki kusema ni dagaa, ni kutembea kutoka kituoni, au ni kile kidonge kitupu cha mkunga. Nimemsoma Mtulivu mara tatu, na nimejiwekea kwamba mzunguko wa nne usipopita vizuri zaidi nitabeba daftari nimwone daktari, bila aibu.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa kumweleza mama mkwe. Nilimpigia magoti, nikamwambia kwamba ninapenda kujua jina la ile mizizi ili nami siku moja nimchemshie binti yangu. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka akasema kwamba hata yeye mama mkwe wake hakuwahi kumtajia, na kwamba aliendelea kuichimba kwa kuutambua mti kwa macho tu. Nilipomwambia kuhusu maziwa alifurahi mno, maana ng'ombe anao. Sasa kila Jumamosi hunitumia mtindi kwa basi la Magu, ukiwa ndani ya dumu la lita tano, na mume wangu huunywa zaidi yangu.

Swali langu lililobaki ni la Mama Kulwa. Nilinunua sado wakati wa giza kama ulivyonielekeza, lakini ndani ya wiki tano waliingia wadudu weusi wadogo. Niwatupe, au kuna namna?

Mama Kulwa wa Mwaloni

Usiwatupe kama bado hawajawa unga. Watandaze juani kwenye turubai kuanzia saa nne hadi saa tisa, wadudu watakimbia wenyewe, kisha uwapepete na uwakaange kidogo kwenye sufuria kavu bila mafuta. Wakipoa kabisa, si vuguvugu, watie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na uwarudishe juani kila baada ya wiki mbili. Mkunga, nilikwenda kupima: damu yangu ilikuwa tisa, yaani pungufu. Nimepewa vidonge vya chuma, na pemba nimeacha, ingawa jana nilipita mahali mvua imetoka kunyesha nikasimama dakika nzima nikinusa ukuta.